Nimesoma upya ripoti nilizowaandikia wanafunzi wangu kwa miaka sita

Mwalimu wa Darasa (mleta uzi)

Assalamu alaikum, na habari za jioni wanajukwaa wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jiji la Tanga, katika kata ya upande wa pwani ambako karibu nusu ya wazazi wanaishi kwa uvuvi na waliobaki wanaishi kwa biashara ndogondogo, vibarua na kilimo cha mihogo na minazi. Andiko hili ni refu, nanyi mtaniwia radhi, kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba kwa mwezi mzima na sikupata mahali pa kulitua.

Tulipokuwa tunahamisha kabati la ofisi nilikuta nakala za ripoti za maendeleo za madarasa niliyoyashika kwa miaka sita. Kila ripoti ina mistari miwili ya maoni ya mwalimu wa darasa. Nilikaa chini nikaanza kuzisoma kwa furaha ya kukumbuka sura za watoto ambao wengine sasa wananizidi kimo, lakini nilipofika kama ripoti ya thelathini furaha ile ilinitoka. Wasichana wangu, karibu wote, niliwaandikia kuwa wana adabu, ni watulivu, ni wasafi, wanasaidia wenzao. Wavulana waliopata alama zilezile niliwaandikia kuwa wana akili na waongeze bidii ili wafike mbali. Kuna msichana aliyeongoza darasa mihula miwili mfululizo, na maoni yangu juu yake yanasema "ni mtoto mwenye heshima sana", basi. Neno akili halimo, wala hakuna mahali nilipomwambia kwamba anaweza kufika popote.

Kwa watoto wa wavuvi nilikuwa na sentensi moja niliyoirudia kama muhuri: "Ni mchangamfu, apunguze utoro." Nilichukua daftari la mahudhurio nikalinganisha. Mmoja wao, katika muhula ambao nilimwandikia apunguze utoro, alikosa siku mbili tu. Mtoto wa karani wa bandarini aliyekaa naye dawati moja alikosa siku tisa, nami nikamwandikia kwamba afya yake iangaliwe. Nilimhukumu yule wa kwanza kwa kazi ya baba yake, na nilifanya hivyo huku nikimpenda, maana ni mtoto niliyekuwa nikimgawia chakula changu.

Nieleze na upande wangu, nisionekane nimeshuka kutoka juu. Mimi ni Msambaa, nimezaliwa milimani, upande wa Bumbuli. Nilipokuwa sekondari mwalimu wetu wa kilimo aliniita "Msambaa wangu" na kwa miaka minne mfululizo akanipanga kwenye bustani ya mboga, kwa maelezo kwamba Wasambaa wanazaliwa na jembe la bustani mkononi. Sikuchukia, nilijivunia, na bustani yetu ilisifiwa. Nilikuwa nimeshaanza kazi nilipotambua kwamba katika miaka ile minne sikupangwa hata siku moja kusaidia maabara wala maktaba, mahali ambapo wenzangu walikuwa wanabaki jioni wakishika vifaa na vitabu. Mwalimu yule alinipenda, nami nampenda hadi leo. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, na ndiyo sababu sitaki mjadala huu uwe wa watu wenye chuki, kwa kuwa hao wanajulikana na kila mtu anajua namna ya kuwapinga. Nauliza juu yetu sisi tunaowapenda watoto: ni wapi mmeyaona haya, na mliyafanyia nini?

Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwa ukweli wako, lakini naomba nikupinge kidogo.

Nafundisha sekondari ya kata, na mkondo mmoja nilionao una wanafunzi 74. Mwalimu mwenye wanafunzi 74 na vipindi vitano kwa siku hawezi kumjua kila mtoto kwa undani wake. Lazima atumie uzoefu, na uzoefu ni kujumlisha. Ninapoona kwamba wanaokosa kipindi changu wengi wanatoka vijiji vya ufukweni, je, nifumbe macho? Tukianza kuogopa kusema tunachokiona, tutaishia kuwanyamazia watoto wenyewe wanaohitaji kusukumwa.

Kuhusu kuhukumiwa kwa asili, hata mimi yamenifika. Mimi ni mtu wa Kagera. Nilipopangiwa kazi hapa mwaka 2011, kabla sijafungua begi nilishaambiwa kuwa watu wa bara hawadumu Tanga, na kwamba niangalie ninakolala kwa sababu ya majini. Katika ofisi ya walimu kulikuwa na wenzangu waliokuwa wakisema waziwazi kwamba mtoto wa Pwani hasomi, anasubiri ngoma na harusi. Muhula wa kwanza nilikubaliana nao. Mwanafunzi akisinzia, nilijua sababu kabla sijamwuliza. Nimeliacha hilo, lakini bado nasema kuwa takwimu za mahudhurio si ubaguzi.

Mama wa Tongoni

Salaam kwenu walimu. Mimi ni mzazi, nimeishia darasa la saba, lakini jambo hili nalijua kwa miguu yangu, na naomba nimjibu mwalimu wa hesabu kwa heshima.

Mwanangu, umesema umeona watoto wa ufukweni wanakosa shule. Ni kweli, wanakosa. Lakini je, umetazama wanakosa siku zipi? Kila mwezi kuna bamvua mara mbili, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa sana na hupwa sana, na kwa pwani yetu hupwa kabisa asubuhi, kuanzia saa nne hivi. Mwamba unabaki wazi, na watu wanateremka kutafuta pweza, chaza na kombe. Anayeteremka siku nne au tano za bamvua anarudi na fedha mkononi siku hiyohiyo, na fedha hiyo ndiyo ya daftari, ya unga na ya mchango wa mlinzi mnaoutuletea. Maji yakiwa mafu hakuna anayekwenda mwambani kwa kuwa mwamba umefunikwa. Siku hizo watoto wetu wote wako darasani. Kwa upande wa wavulana kuna dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Kijana aliyekesha akivuta wavu atasinzia kwenye hesabu zako asubuhi, hata angekuwa mtoto wa waziri.

Sisemi kwamba tunafanya vizuri kuwatoa watoto shule. Nami nimeshamtuma binti yangu mwambani siku ya shule, na nililijutia alipokosa jaribio. Ninachosema ni kwamba nilipoitwa shuleni kwa ajili yake sikuulizwa kitu. Niliambiwa, "Nyie watu wa Pwani mnapenda ngoma kuliko elimu," na mwalimu aliyesema hivyo alikuwa akitabasamu, akinipa kiti na maji ya kunywa. Nilirudi nyumbani nimefunga mdomo. Kama angeniuliza ni siku zipi, ningemwambia zote, hata za mwezi unaofuata, maana bamvua haimfichi mtu tarehe yake.

Na mimi nina langu. Mdogo wake binti huyo alipopata mwalimu mgeni, nilimwambia mtoto kwamba watu wa bara ni wakali, asimsogelee sana. Mtoto akawa haulizi swali darasani mwaka mzima. Huo ulikuwa mdomo wangu, haukuwa wa mwalimu.

Mtoto wa Mkonge

Mama, shikamoo. Umenikumbusha mbali.

Mimi nilikulia katika kambi ya shamba la mkonge kati ya Muheza na Korogwe. Wanaosoma hapa wanajua historia: mche wa mkonge uliletwa pwani hii na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kadiri mashamba yalivyopanuka wenyeji hawakutosha, au hawakutaka, kukata majani yale kwa ujira uliokuwapo. Vibarua wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Msumbiji na Burundi. Waliitwa kwa namba za kandarasi zao, na ndipo lilipozaliwa neno manamba. Babu yangu alitoka Buha. Kandarasi yake ilikwisha, hakuwa na nauli ya kurudia wala, baadaye, hamu ya kurudi, na sisi wajukuu tumezaliwa hapa, Kiswahili chetu ni cha hapa na makaburi yetu yako hapa.

Shuleni sikumbuki mwalimu aliyenitukana. Nakumbuka orodha. Kila mwanzo wa muhula kulikuwa na msaada wa sare na madaftari kwa watoto wa kambini, na mwalimu wa zamu, mtu mwema sana, alikuwa akisema mstarini mbele ya shule nzima, "Watoto wa manamba wapite mbele." Tulipita mbele. Tulipewa daftari, tukapigiwa makofi. Kisha tukaingia darasani kufanya jaribio. Sijui kama mnaweza kuelewa mtoto wa miaka kumi anavyokaa kwenye dawati baada ya kupita mbele namna ile. Mimi nilikuwa nikikaa nikiangalia mlango.

Shule ilikuwa inatusaidia kweli, na bila daftari zile huenda nisingemaliza. Lakini orodha ileile ingeweza kubaki mezani kwa mwalimu mkuu, tukaitwa mmoja mmoja saa ya kutoka.

Mstaafu wa Ngamiani

Wanangu, nimesoma kimya tangu jana. Nilifundisha miaka mingi na baadaye nikawa mkaguzi, na huyu kijana wa mkonge amesema jambo ambalo watu wamelipima kwa utafiti, kwa hiyo naomba nilieleze polepole.

Mwaka 2004 Karla Hoff na Priyanka Pandey walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya vijijini kaskazini mwa India. Walichukua wavulana 642 wa shule, nusu wa matabaka ya juu ya kuzaliwa (kasti) na nusu wa tabaka la chini kabisa, wakawapa michoro ya kutafuta njia, ambayo ni fumbo la akili lisilotegemea vitabu. Tabaka lilipokuwa halitajwi, watoto wa chini walifumbua sawasawa na wenzao. Lilipotangazwa hadharani jina la kila mtoto, la baba yake na la tabaka lake kabla ya kuanza, watoto wa tabaka la chini walishuka. Watoto walikuwa na akili zilezile na fumbo lilikuwa lilelile. Kilichoongezwa ni tangazo. Kijana wangu, ulipokuwa unaangalia mlango, ndicho kilichokuwa kinakufika.

Na kuna jingine, nalo linamhusu mleta uzi. Rema Hanna na Leigh Linden, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012, waliwapa walimu wa India karatasi za mtihani za kusahihisha, na kwenye kila karatasi wakaandika kwa bahati nasibu jinsia, umri na tabaka la mtoto. Karatasi iliyoandikwa tabaka la chini ilipata alama pungufu, si nyingi, lakini pungufu kwa kazi ileile. Lililonishangaza ni kwamba upungufu huo ulitoka zaidi kwa wasahihishaji ambao wenyewe walikuwa wa tabaka la chini. Aliyeumizwa na chapa ndiye aliyeigonga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo, mwalimu wangu wa Bumbuli, usijishangae kwamba wewe uliyewekwa bustanini uliwaweka wengine baharini. Sijui mtu aliyepona jambo hili kwa kuwa tu lilimtendekea.

Mfumo wetu wenyewe unalijua hili, ingawa hatulisemi kwa jina lake. Karatasi ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne haina jina la mtoto. Ina namba ya mtahiniwa, na anayesahihisha hajui kama mwenye namba ni Mwanaidi wa Chongoleani au Elifuraha wa Same. Taifa limekubali kwamba hata mwalimu mwaminifu hasahihishi kwa haki kamili akiona jina. Lakini hadi mtoto afike kwenye karatasi ile isiyo na jina, ameshasahihishwa kwa jina lake kwa miaka kumi na moja: nani aulizwe swali, nani atumwe maji, nani afagie, nani awe kiranja.

Nitazungumzia na lugha, kwa sababu nilikuwa mkosaji mkubwa hapo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ulikuwa uamuzi wa kurahisisha vitabu, haukuwa hukumu ya ubora. Mimi nilipokuwa kijana niliwakata kauli watoto wa Mtang'ata kila walipofungua kinywa na lahaja ya bibi zao, nikisema hicho si Kiswahili. Walikuwa wanazungumza Kiswahili kilichokuwa pwani hii kabla ya mkutano wowote. Ningeweza kuwafundisha kilicho sanifu bila kuwaambia kwamba cha nyumbani ni kibovu. Na wale wanaopenda kupima nani ni mwenyeji wa kweli wa Tanga na nani ni mtu wa kuja, wakumbuke kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na ambaye kila shule ya nchi hii inamtaja, wazazi wake walikuwa na asili ya Uyao. Mji wetu unajisifu kwa msemo wa "waja leo waondoka leo", lakini ukihesabu kaburi kwa kaburi, waliokuja na wasiondoke ndio mji wenyewe.

Baba wa Watatu

Mzee wangu, shikamoo. Nami naomba niongeze la nyumbani kwangu, kwa kuwa mleta uzi ameuliza juu ya wanaopenda.

Mtoto wangu wa pili ana ualbino. Katika shule aliyoanzia walimu walimpenda mno. Hakuulizwa maswali, ili asisumbuliwe. Hakuitwa ubaoni, kwa kuwa haoni vizuri. Hakupewa zamu ya usafi wala michezo, kwa ajili ya jua. Alipokosa jaribio alipewa alama za katikati, za huruma. Alifika darasa la nne hajui kugawanya, na ripoti zake zote zilikuwa nzuri.

Nilipokwenda kulalamika walinishangaa, na nilielewa kwa nini. Walidhani nakuja kushukuru. Nilichokuwa nahitaji si kikubwa. Uoni wake ni hafifu, kwa hiyo akae mbele, lakini asitazamane na dirisha linalong'aa. Mwandiko wa ubaoni uwe mkubwa na usomwe kwa sauti. Aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu, na michezo yake iwe asubuhi au kivulini. Baraza la Mitihani lenyewe linatoa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, maana yake linategemea kwamba watafanya mtihani kama wenzao. Baada ya hapo adaiwe kazi kama mtoto mwingine, na akikosa aambiwe amekosa. Mwalimu mmoja, bibi mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinisikiliza, na mwaka ule mtoto wangu alipata sifuri ya kwanza ya maisha yake katika jaribio la hesabu. Alilia. Mimi na mama yake tulilala vizuri usiku ule, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuwa amemsahihisha yeye.

Dada wa Makorora

Naongeza kwa ufupi. Tangu Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mdogo wangu alirudi. Lango lilifunguliwa, na hakuna aliyemfukuza. Lakini darasani aliitwa "mama", na baadhi ya walimu nao walimwita hivyo, kwa upole, hata kwa heshima, wakisema yeye ni mtu mzima awasimamie wenzake. Aliwekwa kuwa msimamizi wa usafi wa vyoo vya wasichana tangu wiki ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alirudi shule ili awe mwanafunzi. Baba wa mtoto wake alikuwa kidato cha juu yake katika shule hiyohiyo, na sijasikia aliyemwita "baba".

Mwalimu wa Hesabu

Nimerudi. Nimemsoma mama wa Tongoni mara tatu, na ninaomba anisamehe. Nilisema takwimu za mahudhurio si ubaguzi, na bado naamini kuwa namba zenyewe hazina kosa. Kosa langu ni kwamba nilipofika kwenye namba nilidhani nimefika kwenye sababu. Nilijua ni akina nani wanakosa, sikuwahi kutazama ni lini.

Wiki hii nimejaribu jambo moja. Jaribio la kidato cha pili niliwaambia wasiandike majina, waandike namba nilizowagawia kwenye vikaratasi, na orodha nikaifungia kwenye droo hadi nilipomaliza kusahihisha. Sitaki kudanganya kwamba nimegundua maajabu. Kwa wengi alama zilikuwa zilezile ninazozitarajia, na hesabu kwa asili yake ina jibu moja. Lakini kuna karatasi moja iliyokuwa na njia ya mkato ambayo sikuifundisha, sahihi kabisa, nami nikaandika pembeni "vizuri sana". Nilipofungua orodha nilikuta ni ya msichana anayekaa nyuma karibu na mlango, ambaye ningekuwa nimeona jina lake ningemwita aniambie amenakili kwa nani. Hilo nalikiri, na limenikosesha usingizi. Wanafunzi bado ni 74 na mzigo haujapungua. Vikaratasi vya namba vilinichukua dakika kumi.

Mwalimu wa Darasa (mleta uzi)

Nawashukuru wote, na mzee wangu wa Ngamiani nakushukuru zaidi, ingawa ulichosema juu ya aliyeumizwa kimeniuma.

Nimefanya alichonielekeza mama wa Tongoni. Nilichukua daftari la mahudhurio la muhula uliopita na kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nikaviweka sambamba. Kwa watoto kumi na mmoja ambao mimi na wenzangu tulikuwa tunawaita watoro, siku walizokosa zilikuwa 63, na kati ya hizo 48 zimeangukia ndani ya siku za bamvua. Kwa wavulana wawili zimeangukia kwenye giza la mwezi, kama mama alivyosema. Amebaki mtoto mmoja tu ambaye utoro wake hauna mpangilio, na nilipomfuatilia nikakuta ana mgonjwa nyumbani. Kwa miaka sita nilikuwa naandika neno utoro mahali ambapo palitakiwa kuandikwa tarehe.

Nilipeleka daftari hilo kwa mwalimu mkuu, kisha tukalipeleka kwenye kikao cha kamati ya shule. Haikuwa rahisi. Mjumbe mmoja alisema tunahalalisha watoto kutumwa mwambani, na hoja yake ni nzito, kwa sababu sheria inamtaka mtoto awe shuleni kila siku ya masomo, nasi hatuna mamlaka ya kupunguza hilo. Tulikubaliana kwamba hakuna ruhusa mpya itakayotolewa. Wazazi wa mwambani wataitwa wao wenyewe, si kwa barua ya onyo, ili waseme ni nani anaweza kwenda badala ya mtoto, na tayari akina mama wanne wamepanga zamu kati yao. Wakati huohuo, jaribio la kila wiki mbili halitapangwa tena ndani ya bamvua, ili ambaye bado atatumwa asipoteze na alama. Tumekubaliana pia kwamba orodha ya misaada haitasomwa mstarini. Hilo halikuhitaji hata kupigiwa kura. Mwalimu mkuu alipoelezwa habari ya "wapite mbele" alinyamaza kwa muda, kisha akasema naye aliwahi kupita.

Kwa upande wa maoni ya ripoti, mwenzangu wa darasa la sita na mimi tumeamua kubadilishana. Kabla ya ripoti kutoka, yeye anayasoma yangu akiwa ameziba majina kwa karatasi, anabashiri kama ni msichana au mvulana, wa mvuvi au wa mfanyakazi. Raundi ya kwanza alibashiri sawa kwa watoto 29 kati ya 40 juu ya jinsia, na nilitakiwa kuandika upya. Tabia hii haiondoki kwa kuitambua peke yake. Niliiona siku ya kwanza ya kabati, na wiki tatu baadaye bado nilikuwa naandika "mtulivu" bila kufikiri.

Yule msichana aliyeongoza darasa mihula miwili sasa yuko kidato cha kwanza katika shule nyingine. Nilimpata mama yake sokoni Mgandini nikamweleza nilichokikuta. Aliniambia binti amechaguliwa kuwa kiranja wa usafi. Nimemwomba mkuu wa shule yake, ambaye nilisoma naye chuo, amwangalie upande wa masomo ya sayansi, na nimempelekea nakala za alama zake zote, safari hii bila maoni yangu.

Mama wa Tongoni, nina ombi moja la haraka. Mwalimu wa taaluma anapanga ratiba ya jaribio lijalo na ameandika Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa hesabu yangu mwezi utakuwa umeandama Jumanne, kwa hiyo Alhamisi bado mwamba uko wazi. Naomba unithibitishie kabla hajaibandika ukutani.

Mama wa Tongoni

Umehesabu sawa, mwalimu wangu. Bamvua ya mwandamo huo itashika hadi Ijumaa, na kwa pweza Alhamisi ndiyo siku kubwa kuliko zote. Mwambie asogeze hadi Jumatano ya wiki itakayofuata. Maji yatakuwa mafu, hakuna wa kwenda mwambani. Nami nitawaambia akina mama wa upande wa Mwarongo, kwani wengine hawaingii humu mtandaoni.